Kwenda Ukerewe: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu Nansio, Bukindo na Ukara

Mi nakaa Kirumba, hapa Mwanza, mama yangu ni wa Ukerewe, kwahiyo kila mtu anayetaka kwenda kisiwani ananitumia meseji, na nyingi ni zilezile. Nimeamua kuzijibu zote hapa mara moja. Kama una haraka nenda kwenye swali lako, ila lile la kichocho usiliruke.

## Ya mwanzo kabisa

Ukerewe na Nansio ni kitu kimoja?

Hapana. Ukerewe ni kisiwa, tena kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, kama kilometa za mraba 530 hivi, na hakuna kisiwa cha ziwani Afrika kinachokizidi. Ukerewe pia ni jina la wilaya nzima, ipo mkoa wa Mwanza, na wilaya hiyo ina visiwa 38, vingine vina watu na vingine ni mawe na ndege tu. Nansio ndo mji wake, makao makuu ya wilaya, ndipo meli inapofunga, ndipo kuna benki, hospitali, soko na gesti. Mtu wa Mwanza akikwambia "naenda Ukerewe" mara nyingi anamaanisha anashukia Nansio.

Halafu kuna Ukara, hicho ni kisiwa kingine, kidogo, kipo kaskazini. Nimekiwekea sehemu yake huko chini.

Kuna nini cha kuona? Nisije nikafika nikakuta kijiji tu.

Hili ndo swali la kwanza kwa wengi na nalijibu bila kupamba: ukienda Ukerewe kama unavyoenda mbuga, unasubiri geti, kibao, mtu wa kukuongoza na risiti, utarudi umenuna. Ukerewe ilikuwa himaya yenye mfalme wake, mitumbwi yake na biashara yake ya pembe za ndovu, lakini sehemu kubwa ya hiyo historia haijaandikwa ukutani, ipo midomoni mwa watu. Utaona nyumba ya zamani imesimama kwenye majani, utaipita, halafu mzee mmoja akikaa na wewe dakika ishirini ile nyumba inageuka kitu kingine.

Vya kuona kwa macho vipo: jumba la chifu lililoko Bukindo, kanisa la zamani Kagunguli, ufukwe, mawe makubwa yaliyopangana kama ya Mwanza mjini, mashamba ya michungwa, majaruba ya mpunga, na mialo ya dagaa, yaani zile fukwe wavuvi wanapotia nanga na kuanika, ambayo kwangu mimi inashinda vyote.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku mbili, usipunguze. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo utakuwa umetalii meli, basi. Siku ya kwanza unafika, unatembea Nansio, unakula samaki. Siku ya pili Bukindo na Kagunguli kwa bodaboda. Ukitaka na Ukara ongeza usiku wa tatu.

Niende mwezi gani?

Juni mpaka Septemba ni kukavu na barabara za vumbi zinapitika. Masika, Machi hadi Mei, tope linakuwa la kweli na bodaboda anakushusha kwenye kila kimto usukume nae. Ila kama unapenda machungwa uliza kwanza msimu, maana machungwa ya Ukerewe yakikolea Mwanza yote inanukia.

## Kufika

Njia zipo ngapi?

Mbili. Ya maji moja kwa moja toka Mwanza hadi Nansio, na ya barabara kwa kuzunguka Bunda halafu kuvuka na kivuko.

Ya maji ni kama kilometa 50 kaskazini mwa Mwanza, na meli ya kawaida inatumia masaa matatu, ikichelewa matatu na nusu. Kuna za serikali na za watu binafsi, na ratiba zinabadilika meli ikienda matengenezo, kwahiyo usiamini ratiba aliyokupa rafiki yako aliyeenda mwaka juzi. Nenda bandarini jana yake, uliza dirishani, ndo utakuwa na uhakika.

Ya barabara unapanda gari stendi ya Nyamhongolo, unafuata njia ya Musoma mpaka Bunda, unakata kushoto kuelekea Kibara na Kisorya, pale Kisorya unavuka mlango wa Rugezi kwa kivuko, ni maji kidogo tu, ukishuka upande wa pili uko Ukerewe tayari na Nansio haiko mbali. Nusu siku inaisha. Wanaoogopa maji wanaipenda hii, na mwenye gari lake pia, maana gari linapanda kivukoni.

Ipi bora?

Nenda kwa meli, rudi kwa barabara. Au kinyume chake, ila angalau mara moja panda meli. Kwenye meli ndo Ukerewe inapoanzia. Ukiwa unatoka Mwanza utaona mizigo inayopanda: magodoro, mabati, saruji, kreti za soda, sofa imefungwa nailoni, kuku wamefungwa miguu wanaangalia dari. Ukiwa unarudi mzigo umegeuka: magunia ya machungwa, mihogo, dagaa, samaki kwenye barafu. Uchumi wa kisiwa chote unaupata hapo bila kuuliza mtu.

Kaa upande wa kivuli. Asubuhi kutoka Mwanza unaelekea kaskazini, jua linakuja kulia kwako, kaa kushoto. Meli ikianza kutoka utaona yale mawe ya Mwanza yanavyosogea nyuma, nyumba zimening'inia juu yake hadi kileleni, na kwa dakika kama kumi hakuna anayeongea, kila mtu ameshika simu anapiga picha, hata wanaosafiri kila wiki.

Nasikia ziwa linachafuka. Saa ngapi ni salama?

Asubuhi kwa kawaida maji yametulia na mchana upepo unaamka. Kwenye meli kubwa utasikia mtikisiko tu na labda kichefuchefu, kunywa kidogo, usile chapati tatu kabla ya kupanda kama nilivyofanya mimi. Kwenye mtumbwi wa injini ni habari nyingine kabisa, soma swali la mitumbwi kwenye sehemu ya Ukara.

Tiketi nikate mapema?

Siku za kawaida unapata asubuhi hiyohiyo. Sikukuu, Desemba yote, na shule zikifunga, kata mapema. Nunua dirishani, andikisha jina lako sahihi na la kila mtoto uliyenae, usikubali yule kijana wa getini anayesema "nipe hela mi nakuingiza". Najua inaokoa foleni. Orodha ya abiria sio karatasi ya bure, ukifika kwenye swali la Ukara utaelewa kwanini nakazania.

Mwaka fulani nilikata tiketi ya daraja la pili kwenye boti moja ambayo sitaitaja, kufika ndani viti vyote vimekaliwa na magunia, magunia kabisa, yamekaa kama abiria. Nikamuuliza mhudumu akasema "hayo yamelipiwa". Nikasimama mpaka Nansio.

## Ukishafika Nansio

Nalala wapi?

Gesti zipo nyingi za kawaida, chumba na choo cha ndani, neti, feni. Hoteli ya mabwawa ya kuogelea usitegemee. Chagua ya karibu na ziwa kama unapenda upepo, ila jiandae na wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoruka kwa mawingu, kuna siku wanafuata taa mpaka unakuta sakafu imekuwa nyeusi asubuhi. Hawaumi. Zima taa ya nje tu.

Angalia neti ina matundu au la kabla ya kulipa. Malaria ipo.

Hela nitoe wapi?

Benki zipo, mawakala wa simu wamejaa. Nje ya Nansio beba keshi, tena ndogondogo, muuza ndizi wa Bukindo hana chenji ya elfu kumi.

Kuzunguka kisiwani nitumie nini?

Bodaboda ndo kila kitu. Patana ya siku nzima, sio ya safari moja moja, utaokoa na pia utapata mtu anayejua njia na anayejua watu, na hilo la pili lina thamani kuliko mafuta. Vigari vidogo vya abiria vinaenda vijiji vikubwa, vinajaa mpaka dereva anakaa upande. Baiskeli pia unaweza kukodi, kisiwa hakina milima ya kutisha na mimi nilizunguka nayo siku nzima nikiwa na miaka kumi na tisa, saivi nisingethubutu.

Chakula?

Sato. Sato wa kuchoma, wa kukaanga, wa mchemsho wenye ndimu na pilipili, na ugali. Ukitaka kula kama wenyeji omba ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo uliovundikwa, una rangi ya kijivu na unavutika, watu wa Dar wanaukunjia uso siku ya kwanza na siku ya tatu wanaongeza.

Sangara utamkuta pia lakini wengi wa wale wakubwa wanaenda viwandani Mwanza wanakatwa minofu ya kusafirishwa nje. Huyu samaki sio wa asili humu, alipandikizwa miaka ya 1950, akala furu karibu wote, wale samaki wadogo wadogo wa mababu zetu. Muulize mzee yeyote habari za furu uone anavyohuzunika. Na ukisikia watu wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu "bondo" usishangae, ni kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara, kina bei kuliko nyama yake.

Mialo ya dagaa naruhusiwa kwenda?

Unaruhusiwa, ila fika kwa adabu. Kila mwalo una viongozi wake, kuna BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, nenda ujitambulishe, sema umetoka wapi na unataka kuangalia tu. Nenda alfajiri.

Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, usiku wa mbalamwezi hafuati taa, kwahiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu, na mwalo unakuwa kimya. Panga safari yako uangukie kwenye giza. Usiku ukisimama ufukweni utaona taa zimepangana huko mbali mpaka unadhani kuna mji upande wa pili. Asubuhi mitumbwi inarudi, wanawake wanapokea kwa ndoo, wanamwaga mchangani au juu ya vichanja na kutandaza kwa mkono, mkono mmoja unafagia hivi, nusu duara, nusu duara, na dagaa wanalala safu moja wala hawapandani. Nilijaribu. Wangu walikuwa vichuguu vichuguu, mama mmoja akaja akavisawazisha bila kuniambia neno.

## Historia, maana ndo mnayoiuliza zaidi

Jina la Victoria lilitoka wapi kama ziwa lilikuwa la kwetu?

Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona tarehe 3 Agosti 1858, akiwa upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Kabla ya hapo wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliliita kwa jina la kisiwa, Ukerewe. Yaani kwa muda fulani ziwa zima lilijulikana kwa hiki kisiwa, na Speke mwenyewe alilisikia jina hilo kabla hajaliona. Mwambie hivyo Mkerewe yeyote uone kidevu kinavyopanda.

Wakerewe walikuwa na mfalme kweli?

Kweli, aliitwa omukama. Ukoo uliotawala ni Wasilanga, waliotoka upande wa Ihangiro, huko Kagera ya leo, na ndo maana Kikerewe kinafanana na Kihaya kuliko Kisukuma japo Wasukuma wako jirani zaidi. Hata enanga, kile chombo cha nyuzi, utakikuta pande zote mbili.

Anayetajwa sana ni Lukonge. Mwaka 1875 Stanley, mpelelezi mwingine, alipokuwa anazunguka ziwa na mashua yake alipita kwake, akakaa, akapewa mitumbwi ya kubebea watu wake. Hiyo ndo habari nzuri. Mbaya ilikuja Desemba 1877: wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wamenunua mashua kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Songoro aliyekuwa akiishi kisiwani, Songoro akagombana na Lukonge, akakimbilia kwa wazungu, vita ikapigwa, wakauawa wote. Ukisoma upande mmoja utaambiwa Lukonge alikuwa katili. Ukimsikiliza mzee wa Bukindo atakuuliza wewe ungefanyaje, mtu una ugomvi nae halafu mgeni aliyekuja jana anamficha nyumbani kwake. Mi nilikosa jibu.

Wajerumani na Waingereza je?

Wajerumani walitawala mpaka vita ya kwanza. Juni 1916 Waingereza wakatua Ukerewe, na mwezi uliofuata wakaichukua Mwanza. Kisiwa kilianza, mji ukafuata.

Jumba la Bukindo ni nini, na unaingiaje?

Bukindo ipo kaskazini mwa Nansio, kwa bodaboda sio safari. Jumba ni la omukama Gabriel Ruhumbika, la enzi za Mwingereza, ghorofa yenye nguzo, na ukiliona kwa mara ya kwanza unashangaa limefikaje pale, katikati ya migomba na mihogo. Wa mwisho kukalia kiti ni Michael Lukumbuzya, maana baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na yeye akaenda kuitumikia nchi kama balozi.

Kuingia: hakuna dirisha la tiketi. Ulizia nyumba za jirani, sema shikamoo, eleza shida yako, subiri aitwe mwenye funguo au mwanafamilia. Inaweza kuchukua dakika tano, inaweza kuchukua saa nzima, na ukionesha haraka itachukua saa mbili. Mchango kidogo mwishoni ni uungwana. Usipande ngazi bila kuambiwa, nyumba imechoka.

Mara ya mwisho shangazi yangu alinisindikiza. Alisimama mlangoni akavua ndala. Nikamwambia shangazi sakafu ina vumbi hii, akasema "najua, we vua". Nikavua.

Kagunguli kuna nini?

Kanisa la misheni ya White Fathers, wale mapadri wa Kikatoliki, na mji mdogo uliokua kuizunguka. Lakini mimi naenda Kagunguli kwa sababu ya Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896 hapahapa kisiwani, akasoma misheni ya Kagunguli, baadae seminari ya Rubya huko Bukoba. Akaandika riwaya ndefu kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani, akaiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, halafu ikakaa. Miaka na miaka hakuna wa kuichapa. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ikatolewa na mchapishaji wa Dar es Salaam, na akafariki 1981 kabla hajakishika kitabu chake mkononi.

Ndani mle kuna kila kitu, pombe inavyotengenezwa, mvuvi anavyosuka mtego, mke na mume wanavyopatana na kununiana. Aliyeitafsiri kwa Kiingereza baadae ni mwandishi Gabriel Ruhumbika, nae ni wa Ukerewe, usimchanganye na omukama mwenye jumba.

Nitampataje mtu wa kunieleza historia?

Usianze na mtu aliyekufuata bandarini. Anza na mwenye gesti, umwambie unatafuta mzee anayejua mambo ya zamani. Au ofisi ya kijiji, mtendaji au mwenyekiti atakutajia. Beba sukari kilo moja au sabuni, sio lazima, lakini mgeni haendi kwa mzee mikono mitupu. Na usimkatize. Ataanza na ukoo wake, atapita kwa ng'ombe, atarudi kwa Lukonge mwenyewe.

## Ukara

Naendaje Ukara?

Toka Nansio nenda Bugolora, kaskazini ya kisiwa, hapo unapanda kivuko mpaka Bwisya. Uliza Nansio ratiba ya siku hiyo, usije ukafika Bugolora kivuko kimeshatoka, utakaa kutwa nzima unaangalia Ukara kwa macho.

Nikikosa kivuko nipande mtumbwi?

Watu wanapanda kila siku. Mimi sipandi mpaka nione vitu vitatu: jaketi okozi la kila mtu, idadi ya watu inayoeleweka, na ziwa lililotulia. Kimoja kikikosekana nakunywa chai nasubiri kesho. Wakikucheka waache wacheke.

Ile ajali ya MV Nyerere ilitokea hapo?

Hapo hapo. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, siku ya mnada Bugolora, kivuko kilikuwa kinarudi Ukara kimejaa watu na mizigo, kikapinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya. Kilitakiwa kubeba watu 101. Walikufa 228, waliookolewa wakiwa hai ni 41, akiwemo fundi wa kivuko aliyepatikana baada ya siku mbili, alikuwa amejibana ndani sehemu yenye hewa.

Baadhi yao wamezikwa Bwisya na pana mnara wenye majina. Ukifika simama, soma, usijipige selfi pale. Majina ya ukoo mmoja yanafuatana, matatu, manne. Kila mtu Ukara ana mtu wake pale, kwahiyo usilianzishe wewe hilo jambo kwenye maongezi, wakitaka watakusimulia.

Na jiwe linalocheza?

Lipo Ukara, jiwe kubwa limekaa juu ya jingine, na wenyeji wana taratibu zake, kuna maneno ya kusema kabla. Fuata unavyoelekezwa. Wasukuma wenzangu wanaokwenda kwa ubishi, wa "ngoja nilisukume nione", wanarudi na mikono inauma.

Ila ukiniuliza mimi, cha kuangalia Ukara ni mashamba. Kisiwa kidogo, watu wengi, ardhi hakuna, kwahiyo toka zamani Wakara wanafuga ng'ombe ndani kwenye vishimo, wanawakatia majani, wanakusanya samadi na kuirudisha shambani. Wataalamu wa kilimo wamekuja kujifunza tangu enzi za mkoloni. Hakuna kipande kimelala, hata kati ya mawe mawili utakuta kuna mihogo.

## Ziwa, afya na mambo ya kuogopesha

Naweza kuogelea?

Hili ndo nililosema usiliruke. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na Ukerewe ni kati ya sehemu zenye historia mbaya ya ugonjwa huo. Wadudu wake wanakaa kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, yale maji mazuri yaliyotulia pembeni kwenye majani, wanapenya ngozi bila wewe kusikia kitu. Utasema watoto wa pale mbona wanaoga. Wanaoga, na wanapewa dawa mashuleni mara kwa mara, na wapo wanaougua matumbo yanavimba.

Kama ulishaingia, au ulikanyaga maji ukishuka mtumbwini, ukirudi subiri wiki kadhaa kisha nenda ukapime, usisubiri mpaka uone damu kwenye kinyesi. Dawa ipo na inatibu.

Mamba na viboko?

Wapo. Wanaoijua sehemu ni wavuvi, waulize kabla hujasogea kwenye matete, hasa jioni.

Ni kweli Ukerewe kuna uchawi, watu wanatuma mamba?

Kila mara. Kila mara lazima mtu aniulize hili, na mara nyingi ni Msukuma, kama vile kwao hakuna. Hizo stori zipo, utazisikia kwenye meli kabla hata hujafika, za mamba anayefugwa na kutumwa. Zisikilize kama unavyosikiliza stori za safarini. Ila usizibebe ukaenda kumnyooshea mtu kidole au kumtania bibi mwenye macho mekundu, maana kanda yetu hii ya ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo, na macho mekundu ni ya moshi wa kuni.

## Maswali ya pembeni

Naweza kurusha droni?

Unahitaji kibali, na hicho kinaombwa mapema kabla hujafunga safari, sio pale Nansio. Bila kibali iache nyumbani. Hata kamera kubwa ukiielekeza bandarini utaulizwa. Picha za watu omba kwanza, na za watoto omba kwa mzazi.

Mimi ni mgeni kutoka nje ya nchi, Kiswahili cha kubahatisha, nitaelewana nao?

Utaelewana. Nyumbani watu wanaongea Kikerewe, Kijita, Kikara na Kisukuma, lakini Kiswahili kila mtu anacho. Jifunze "shikamoo" na uitumie kwa kila aliyekuzidi umri.

Nina watoto, niwapeleke?

Wapeleke, ila kwa njia ya Kisorya kama ni wadogo sana, na lile la kichocho uwasimamie mwenyewe kama polisi.

Nimetoka Mwanza asubuhi na meli ya kurudi imeahirishwa, nifanyeje?

Imenikuta mara mbili. Kwanza uliza kama ni upepo au ni injini. Kama ni upepo, kesho asubuhi itaondoka, tafuta gesti kabla wenzako hawajashtuka, maana ndani ya nusu saa vyumba vya karibu na bandari vinaisha. Kama ni injini, usingoje, chukua gari la Rugezi uvuke Kisorya ulale Bunda. Na kama ulinunua machungwa yaache kwa mwenye gesti na jina lako limeandikwa juu ya gunia, atayapakia meli ikitoka. Yangu yalifika Kirumba siku tatu baadae, yamepungua kama kumi na mbili hivi.